Nani Alikupa Majina Haya?

Mwaka 2008 nilikuwa nikichapa barua kwenye saiba moja mjini Bungoma, hatua chache kutoka mahakamani. Tulikuwa na kompyuta tatu, mashine ya fotokopi iliyotafuna karatasi kila ilipopata joto, na benchi la mbao pale nje kwa wanaosubiri. Intaneti haikutuletea pesa nyingi. Pesa zilitoka kwenye hati za kiapo, barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, na maelezo ya watu waliokuwa na kesi bila wakili. Baada ya miaka miwili pale nilikuwa namjua mteja kabla hajaketi: huyu ni wa shamba, huyu ni wa mirathi, yule mtoto wake kashikwa usiku.

Mchungaji alinishinda. Aliingia mwezi wa Aprili, mvua imemlowesha, gambuti zimeshika matope ya mlimani karibu na magoti, akasimama mlangoni kana kwamba anaomba ruhusa ya kuharibu sakafu. Kutoka ndani ya koti akatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko daftari la shule la kurasa 96, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma.

"Binti yangu," akasema, "unaweza kuchapa majina bila kuyasoma?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alikuwa amepiga mistari kwa rula, mithili ya kitabu cha ubatizo. Jina. Jina la baba. Kijiji. Tarehe. Alivyovaa. Nani aliona. Safu hiyo ya mwisho haikuwa na jina hata moja, ilikuwa na alama tu: duara, nyota, pembetatu, msalaba mdogo uliolala ubavu. Nilichapa "suruali ya kaki, fulana ya kijani, miguu mitupu". Nilichapa "koti la baba yake". Nilipofika kwenye "sweta ya shule" vidole vilikataa kidogo, maana kitinda mimba wetu alikuwa kidato cha pili mwaka huo.

Kurasa saba. Nilipodhani nimemaliza, akalichukua daftari, akaligeuza juu chini, akalifungua kutoka nyuma. "Upande huu pia," akasema. Huko nyuma kulikuwa na safu zilezile, ila tarehe zilianza mapema zaidi, 2006. Upande wa mbele waliandikwa waliochukuliwa na malori. Upande wa nyuma, waliochukuliwa na watu wa msituni. Orodha mbili zilikuwa zinakuja kukutana katikati ya daftari.

Kwa msomaji ambaye wakati huo alikuwa bado chekechea: shida ya Mlima Elgon haikuletwa na uchaguzi wa 2007. Ilikuwa ya ardhi, ya mpango wa makazi wa Chebyuk ulioanza miaka ya sabini ili kuwapa shamba watu waliotolewa juu kwenye nyika ya mlima. Mpango ule ulikatwa, ukapimwa upya, ukagawanywa awamu kwa awamu, na kila awamu iliacha watu wenye barua na watu wasio na barua wakigombea ekari zilezile. Awamu ya tatu ndiyo iliyozaa kundi la SLDF, vijana waliojiita jeshi la kutetea ardhi ya Wasabaot. Walitoza watu kodi. Walikata masikio. Mashirika ya haki za binadamu yanasema zaidi ya watu 600 waliuawa. Maelfu waliteremka wakiwa na magodoro vichwani, na Bungoma tuliwaona, wamelala kwa jamaa, wamelala makanisani.

Kisha Machi 2008. Mkataba wa Kibaki na Raila, wa kumaliza vurugu za uchaguzi, ulikuwa umetiwa saini tarehe 28 Februari, na nchi nzima ilikuwa inapumua. Hazikupita wiki mbili, jeshi likapanda mlimani. Operesheni ikaitwa Okoa Maisha. Sitajifanya nilikuwa na akili kuliko wengine: malori yalipopita tulitoka nje ya saiba tukayapungia mikono. Mama aliyeuza mahindi ya kuchoma mbele yetu, ambaye shemeji yake alikuwa amekatwa sikio, alilia kwa furaha.

Halafu wakaanza kuja wale wanaochechemea.

Wanaume walikuwa wamezolewa kijiji kwa kijiji. Zaidi ya 3,000 kati yao walipitishwa kwenye mchujo kambini, Kapkota ikiwa ndiyo iliyotajwa sana, mbele ya watoa habari waliofunikwa nyuso. Mmoja wao akiitikia kwa kichwa, unawekwa kando. Walioachiliwa waliteremka na nyayo zilizovimba na mikono isiyoshika kikombe. Wengine walifikishwa kortini. Wengine hawajarudi mpaka leo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu iliandika mwezi Mei mwaka huohuo, Madaktari Wasio na Mipaka wakaandika, Human Rights Watch wakaandika Julai. Jeshi lilikanusha. Mkuu wa SLDF, Wycliffe Matakwei, aliuawa Mei, na kwa wengi mjini hadithi iliishia hapo. Mwaka 2011 Human Rights Watch waliporudi, bado walikuwa wanazungumzia zaidi ya watu 300 waliotoweka, wengine mikononi mwa SLDF, wengine mikononi mwa vikosi vya serikali.

Wapiganapo tembo nyasi huumia. Methali hiyo ilisemwa sana mwaka ule, redioni, mimbarini, kwenye matatu. Nimechoka nayo. Nyasi hazina majina, na Mchungaji alikuwa na daftari zima la majina.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini alikuwa mchungaji na si chifu, si mwalimu mkuu, si diwani. Chifu alikuwa na muhuri, mwalimu alikuwa na rejista. Nadhani jibu ni mazishi. Kanisa la kijijini halina kazi ngumu kuliko kuzika, na mchungaji akiitwa kuombea nyumba ambayo mwanamume wake hayupo, lazima ajue anaomba nini. Anaombea msafiri au marehemu? Amwite mwanamke huyu mjane, awaambie wazee wa kanisa wachange, au amwambie avumilie? Ukimwita mjane kabla ya wakati umemuua mumewe kwa mdomo wako. Usipomwita, mashemeji wanaanza kulikagua shamba. Ndiyo maana Mchungaji alianza kuandika, alinieleza baadaye sana. Hakuanza kwa ajili ya ripoti ya mtu. Alianza kwa sababu alikuwa anachanganya nani kamwambia nini, na Jumapili zilikuwa zinakuja.

Alichukua nakala tatu. Mbili sikuulizia zinakwenda wapi.

Majuma kadhaa baadaye aliitwa kuandikisha taarifa. Nilijua kwa sababu alipitia saiba akitoka huko, akaomba maji. Alikuwa amekaa kwenye kiti tangu asubuhi. Hakupigwa, alisema hilo haraka, kama anayemtetea mtu. Walimpa hata chai. Afisa alikuwa kijana mwenye heshima aliyemwita "Pasta" na kumuuliza habari za mvua huko juu. Halafu akaiweka nakala ya fotokopi mezani, kurasa zangu, mwandiko wa kompyuta yangu, pamoja na ule mstari mweusi ambao mashine yetu iliuacha pembeni mwa kila karatasi.

Swali lilikuwa moja siku nzima. Nani alikupa majina haya?

Hakuna aliyemuuliza kama majina ni ya kweli. Hakuna aliyeuliza kijana wa sweta ya shule yuko wapi. Afisa hakukana kwamba malori yalipita kijijini tarehe ile. Alitaka duara ni nani, nyota ni nani, na ule msalaba uliolala ni nani.

Mchungaji akajibu kwamba kazi yake ni ya siri. Afisa akamkumbusha kwa upole kwamba yeye si padri na dhehebu lake halina maungamo.

Alionywa kuhusu kifungu cha 66 cha Kanuni ya Adhabu. Nilikuja kukisoma mwenyewe, kwenye nakala ya wakili mmoja aliyekuwa mteja wetu, na nakishauri kila mtu akisome. Kinasema kutangaza habari ya uongo, uvumi au ripoti inayoweza kuwatia watu hofu ni kosa. Sawa. Lakini kifungu kina mlango wa kutokea: mshtakiwa anaweza kujitetea kwa kuonyesha kwamba kabla ya kutangaza alichukua hatua za kuhakikisha habari ni sahihi. Utazionyeshaje hatua hizo bila kuwataja uliowauliza? Unasimama kizimbani, na mlango wa pekee wa kutokea unapita kwenye sebule ya mwanamke aliyekufungulia saa tano usiku akakuambia alichokiona. Ukimtaja, umepona. Usipomtaja, wewe ni mzushi.

Mbinu hii haihitaji jela. Haihitaji hata kesi, na Mchungaji hakuwahi kushtakiwa. Aliambiwa awe anaripoti kila Jumatatu. Aliripoti kwa miezi, kwa nauli yake, kuteremka na kupanda, na kila Jumatatu majirani walimwona akiondoka na wakahesabu saa mpaka arudi. Walioona kitu na walikuwa bado hawajamwambia waliamua kutomwambia. Daftari likasimama pale lilipokuwa.

Kwa miaka nilidhani ni jambo letu tu, ujanja wa afisa fulani wa kituo fulani. Kisha nikasoma habari za wachungaji wawili Wabaptisti wa Kachin, kaskazini mwa Myanmar, Dumdaw Nawng Lat na Langjaw Gam Seng. Mwishoni mwa 2016 ndege za kijeshi zilishambulia mji wa Mong Ko katika jimbo la Shan, na kanisa Katoliki la hapo likaharibiwa. Wawili hao, Wabaptisti kumbukeni, waliwasaidia waandishi wa habari kulifikia na kulipiga picha kanisa la Wakatoliki. Mkesha wa Krismasi wakatoweka. Jeshi lilikaa wiki kadhaa kabla ya kukiri kwamba liko nao. Oktoba 2017 mahakama ikawafunga, Gam Seng miaka miwili na miezi mitatu, Nawng Lat miaka minne na miezi mitatu, kwa sababu yeye aliongezewa miaka miwili ya kulikashifu jeshi alipohojiwa na redio. Waliachiliwa kwa msamaha wa rais Aprili 2018.

Nilipoisoma kesi hiyo nilisimama kwenye jina la sheria: Sheria ya Vyama Haramu ya mwaka 1908. Hiyo si sheria ya majenerali wa Myanmar. Ni ya Mwingereza, aliyeitunga India kuwabana waliomkataa, akaiacha Burma, jina la zamani la Myanmar, alipoondoka. Kosa la kashfa lilitoka kabati hilohilo. Kanuni yetu ya Adhabu nayo ni ya 1930, na aliyeishona alikuwa fundi yuleyule. Mchungaji wa Kachin na mchungaji wa Mlima Elgon hawajuani, hawali chakula kimoja, lakini wamevalishwa kanzu moja.

Kuna mwingine, Hkalam Samson, aliyekuwa rais wa mkutano wa Wabaptisti wa Kachin. Julai 2019 alikuwa kati ya watu waliokutana na rais wa Marekani ofisini kwake kama waathiriwa wa mateso ya kidini. Alitumia dakika yake kusema kwamba Wakristo wa kwao wanaonewa na jeshi, na akashukuru kwa vikwazo ambavyo Marekani ilikuwa imewawekea majenerali. Baadaye afisa wa jeshi akafungua shauri dhidi yake mahakamani Myitkyina, mji mkuu wa Kachin. Jeshi liliyaondoa malalamiko hayo wiki chache baadaye. Nchi ikapinduliwa 2021, na Desemba 2022 alikamatwa uwanja wa ndege wa Mandalay. Aprili 2023 alihukumiwa miaka sita. Aprili 2024 wakamwachilia, na saa chache baadaye wakaja kumchukua tena nyumbani. Alitoka tena Julai. Huko kufunguliwa na kukamatwa siku hiyohiyo nakuona ni kuripoti kila Jumatatu kwa mizani ya kwao. Mtu asijue kama yuko huru, na wanaomzunguka wasijue kama ni salama kumsalimia.

Hapa kwetu hawakukosekana waliobanwa kwa karatasi. Padri John Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill aliyeishi Kenya zaidi ya miaka 30, aliondolewa kwa nguvu kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani ya Maela, upande wa Naivasha, miaka ya tisini. Baadaye aliieleza Tume ya Akiwumi kuhusu waliochochea mapigano ya kikabila, akataja majina ya wakubwa. Mwaka 1999 serikali ilitaka kumfukuza nchini, na sababu iliyotolewa ilikuwa kibali cha kazi. Kibali! Mzee aliyekuwa amezika nusu ya parokia alikuwa ameishiwa na muhuri. Maaskofu walimtetea akabaki, na Agosti 2000 akakutwa amekufa kando ya barabara ya Naivasha kwenda Nakuru. Wamarekani wa FBI walisema alijiua. Hakimu aliyesikiliza uchunguzi wa kifo chake alisema mwaka 2007 kwamba aliuawa. Ukipita Naivasha usiku na watu wazima wa Kikatoliki ndani ya matatu, mara nyingine sauti zinapungua zenyewe.

Na Wajir, Annalena Tonelli, Mwitaliano, hakuwa mtawa wala kasisi, lakini aliishi kama mtawa akitibu kifua kikuu. Februari 1984 wanajeshi walipowakusanya wanaume kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, alikusanya maiti, akatibu waliosalia, akahakikisha habari inatoka. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Manusura wanasema maelfu. Tonelli aliondoshwa nchini. Nimemtaja hapa kwa sababu huwa nasikia watu wakisema Mlima Elgon ilikuwa ajali ya mwaka mmoja mbaya.

Nirudi kwenye saiba, maana nimezunguka mbali kukwepa sehemu hii.

Siku ile Mchungaji alipotoka kuandikisha taarifa na kunieleza kuhusu ule mstari mweusi pembeni mwa karatasi, mdosi wangu alikuwa amesimama nyuma ya pazia la stoo. Mteja alipoondoka akatoka, akafunga mlango nusu, akasema, "Hiyo faili iko wapi?" Nikamwonyesha. "Futa." Nikafuta. "Na kwenye kile kikapu cha taka." Nikamwaga kikapu. Akaniambia kuanzia siku hiyo mtu akija na majina ya watu zaidi ya kumi na hayo majina si ya mchango wa harusi, tumwambie wino umeisha.

Simlaumu sana. Alikuwa na watoto wanne na mkopo wa mashine. Lakini mimi sikuwa na mkopo. Nilikuwa na flashi mkobani, ya zambarau, nilikuwa nahifadhi nyimbo, na ingenichukua nusu dakika. Nilifikiria. Nikafikiria pia kwamba wakinikuta nayo wataniuliza nani alinipa majina haya, na kwamba tofauti na Mchungaji, mimi ningejibu.

Kanisani kwake nako hakukuwa shwari. Watu wa mjini tunapenda kudhani mchungaji akibanwa na dola kanisa zima linasimama naye na kuimba. Baadhi ya wazee walimwambia aache siasa. Mmoja alitaka ahamishwe. Mama mmoja, SLDF walikuwa wamemuua kaka yake, alisimama baada ya ibada akasema mbele ya wote: wewe unawalilia vijana waliotuchinja, sisi tulipochinjwa ulikuwa wapi na kalamu yako? Mchungaji akaenda kwenye kabati ya kanisa, akaleta daftari, akaligeuza juu chini, akamfungulia ukurasa wa kwanza wa upande wa nyuma. Jina la kaka yake lilikuwa la tatu. Aliyenisimulia anasema mama yule alilisoma kwa kidole, akarudi kuketi, na hakuhama kanisa. Hakumwomba radhi pia.

Hilo ndilo jambo ambalo wanaowabana watu kama yeye hawalipendi, nadhani. Mtu wa upande mmoja ni rahisi: unamwita msemaji wa wahalifu na watu wanaitikia. Daftari la pande mbili linasumbua.

Sheria zimebadilika tangu hapo, kiasi. Katiba ya 2010 ilikuja. Februari 2017 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 194, cha kumshtaki mtu kwa jinai kwa sababu ya kashfa, hakiendani na katiba hiyo. Mwaka mmoja baadaye Bunge likaleta sheria ya makosa ya mitandaoni, na habari ya uongo ikawa na bei mpya: faini ya hadi shilingi milioni tano au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Kosa la kizamani la uchochezi dhidi ya serikali lilikuwa limeondolewa kwenye vitabu mapema zaidi, 1997. Nguo zinabadilishwa, mvaaji hajabadilika sana.

Waliojaribu kupeleka mlima kortini nao wana hadithi yao. Shirika la IMLU, linalohudumia waliopitia mateso, lilifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, mwaka 2010. Juni 2011 majaji wa daraja la kwanza wakakataa pingamizi za serikali, kesi iendelee. Serikali ikakata rufaa. Machi 2012 majaji wa rufaa wakasema shauri limechelewa: mkataba unatoa miezi miwili tu. Miezi miwili! Miezi miwili baada ya malori kupita, mama wengine walikuwa bado wanapeleka chakula kambini wakidhani waume zao wamo ndani.

Niliacha saiba 2011, nikafungua kibanda changu mwenyewe cha kuchapa, karibu na palepale. Mwaka 2016, asubuhi ya kawaida, Mchungaji akaingia. Alikuwa amestaafu, ndevu nyeupe, viatu vya ngozi safari hii. Nyuma yake mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, kitambaa cha kichwa cha buluu, bahasha ya kaki kifuani.

Walikuwa wametoka kwa wakili. Shamba lilikuwa bado kwa jina la mume, na ili mirathi ianze lazima mume awe amekufa kisheria. Sheria ya Ushahidi inasema mtu asiposikika kwa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake, anaweza kuhesabiwa amekufa. Miaka saba ilikuwa imetimia na kupita. Wakili alitaka hati ya kiapo, barua ya chifu, na kama ipo, kumbukumbu yoyote iliyoandikwa wakati ule, si leo, inayoonyesha tarehe aliyoonekana mara ya mwisho.

Mchungaji akatoa mfuko wa nailoni.

Sijui kama ulikuwa uleule. Daftari lilikuwa lile, jedwali la kuzidisha limefifia, kona moja imeliwa na panya. Kitu kilichoitwa uvumi 2008 sasa kilikuwa kinatakiwa na korti, kipigwe fotokopi na kupewa herufi ya kielelezo. Nilitaka kusema jambo kuhusu hilo, nikaona Mchungaji anafuta vumbi kwenye jalada kwa mkono wa koti, nikanyamaza. Nilitaka pia kumwambia kuhusu faili niliyoifuta. Hilo nalo sikulisema siku hiyo, nalisema hapa.

Nikaanza kuchapa. Mimi, fulani, mchungaji mstaafu, naapa na kueleza kama ifuatavyo. Jina la mume. Jina la baba yake. Kijiji. Tarehe. Alivyovaa: koti la baba yake. Nikalikumbuka koti lile. Kisha nikafika kwenye safu ya mwisho, palipokuwa na nyota, na kwa sababu hati ya kiapo haikubali nyota, nikainua kichwa nikamuuliza Mchungaji, bila kufikiri, kwa sauti ya kazi:

"Na hii habari, nani alikupa?"

Alinitazama kwa muda. Nadhani sote wawili tulilisikia swali. Hakujibu. Akageuka kumtazama yule mwanamke kwenye benchi, akasubiri.

Mwanamke akasogeza kiti karibu na kompyuta. Akataja jina lake lote na namba ya kitambulisho, polepole, akairudia mara ya pili ili nisikosee.